Saba, Saba, Saba

Masakta, 3 Februari 2025

Mdogo wangu Letisia,

Habari za hapo Endagikot? Sisi wazima, ila mahindi yanangoja mvua. Jana Mzee Bura, jirani yenu, alinipigia simu: Baba amempa mtu wa Gehandu fahali wawili, bure.

Wiki hiyohiyo, fomu ya kliniki uliyonitumia picha, ya kupima moyo wa Baba kwa alama sifuri hadi kumi, inaonyesha saba, saba, saba: asubuhi, mchana, jioni. Daktari alituambia sote kwamba kwa mgonjwa wa Parkinson moyo, yaani furaha na huzuni, hupanda na kushuka kufuata vidonge, na dawa ikizidi mtu anaweza kugawa mali yake. Alisema pia fomu ikionyesha moyo umetulia, ataongeza kidonge kwa ajili ya kutetemeka. Sasa saba za siku kumi na nne zinatoka wapi? Ama unajaza ukiwa jikoni, ama kuna jambo la fahali hutaki lijulikane.

Naandika kwa karatasi kwa kuwa simu yako siku hizi anaishika Baba.

Kaka yako,
Maximilian

Endagikot, 9 Februari 2025

Kaka, shikamoo.

Barua nimepewa na kondakta wa basi. Wifi na watoto hawajambo? Baba anakula vizuri, kijiko ndicho kinachomshinda.

Fahali sikuwaona wakiondoka, nilikuwa shamba. Baba anasema amewakopesha tu, watunzwe huko kwa desturi yetu ya siku zote. Fomu sijazi jikoni. Namwuliza kama nilivyoagizwa: "Baba, moyo wako leo ni ngapi, sifuri hadi kumi?" Anasema, "Saba. Andika saba." Nikirudia, ananiuliza kama nimeajiriwa ukarani.

Mwaka jana ulilala hapa siku ngapi, kaka?

Mdogo wako,
Letisia

Masakta, 19 Februari 2025

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima. Nimefika Gehandu. Fahali hawakukopeshwa, walitolewa zawadi mbele ya mashahidi, siku mbili tofauti, zote saa nne asubuhi. Baba humeza kidonge saa tatu. Na yule mtu anasema aliyefungua zizi ni wewe.

Nitakuja. Siku sikutajii.

Kaka yako,
Maximilian

Endagikot, 6 Machi 2025

Kaka, shikamoo.

Tangu uondoke Alhamisi iliyopita tuko salama. Ulikagua daftari la dawa, ukahesabu ng'ombe, ukaondoka. Basi naandika mimi.

Zizi nilifungua mimi. Baba aliniagiza, na hapa hakuna aliyewahi kumkatalia. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa. Hapo una haki.

Lakini ulipomwuliza wewe mwenyewe moyo wake ni ngapi, alikujibu nini? Saba. Sisi tunamwamkia, yeye anaitikia, kisha tunataka atuambie moyo wake umeshuka. Baba gani atamwambia mtoto wake hivyo?

Nikamwomba Mzee Bura, wa rika lake, awe anamwuliza yeye. Mimi nakuwa mbali, Bura anaandika majibu kwenye karatasi na kunisomea baadaye. Saa mbili, kabla ya kidonge: "Moja. Nisingeamka leo ingekuwa afadhali." Saa nne: "Kumi. Nyumba hii naibomoa, najenga ghorofa. Wewe Bura, una ng'ombe wa kutosha?" Bura akamjibu, "Nipe kwanza ugoro, ng'ombe baadaye." Saa nane: "Mbili. Letisia asijue."

Siku sita sasa, ni hivyohivyo. Tatizo ni kwamba fomu ya saba nilishaipeleka kliniki mwezi uliopita.

Mdogo wako,
Letisia

Masakta, 9 Machi 2025

Mdogo wangu Letisia,

Shukrani kwa barua. Huku mvua imeanza.

Nilikushuku wizi. Haukuwa wizi. Kuhusu zizi tutaongea ana kwa ana.

Nimempigia simu muuguzi wa kliniki. Anasema kidonge cha kuongeza kimeshaandikwa kwenye faili la Baba, na faili halibadilishwi kwa simu. Ukipewa kidonge hicho kabla daktari hajasoma karatasi za Mzee Bura, usipokee. Asubuhi asibaki peke yake mpaka kidonge cha saa tatu kianze kufanya kazi. Nimemwomba Bura aje kunywa chai kila siku.

Kliniki ya Mbulu ni Alhamisi, tarehe 13 Machi, saa tatu. Nitafika huko kwa basi la kwanza. Bura ataingia na Baba kwa daktari. Mimi na wewe tutakaa nje kwenye benchi.

Kaka yako,
Maximilian