Sukari na Mkono wa Winchi

Jumatano, 10 Juni 1953
Shinyanga. Nimetolewa wodini leo. Suruali naishika kwa mkono isidondoke. Zamani tumbo lilinitangulia mlangoni, watu wakasema Ngassa anakula maisha. Maisha yenyewe ndiyo haya.

Daktari kanikalisha chini na kusema polepole, kama anayesema na mtoto. Ugonjwa wa sukari hauponi, kasema, unatawaliwa. Neno hilo limenikaa. Kutawala mzigo ndiyo kazi yangu kwenye winchi ya mgodi, ukilegeza breki keji yenye watu inashuka shimoni yenyewe.

Masharti: chai bila sukari. Maziwa ya kopo basi. Pombe basi, ya mtama, ya dukani, yote. Ugali kiasi. Sindano kila asubuhi mpaka nife. Nikauliza, na winchi je? Kasema mkojo ukikaa buluu kwenye kipimo na kidonda cha kidole cha mguu kikifunga, ataniandikia nirudi. Lakini — kanyoosha kidole — dawa hii nayo inaweza kumwangusha mtu. Nikianguka hata mara moja niseme, na winchi nisiiguse tena. Nimeitikia, ndiyo bwana. Ningeitikia lolote.

Ijumaa, 12 Juni
Mwanza, nangoja kivuko. Vumbi la lori limejaa masikioni. Mwanamke kapita na ungo wa matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kuanika, vitamu kama dhambi. Nimenunua kabla sijafikiri. Nimevishika mpaka vikapata joto la mkono, kisha nikampa bibi aliyekaa karibu nami. Wabeja baba, kanishukuru, akadhani ni wema.

Jumatatu, 15 Juni
Mgodini tena. Mke wangu Justa kanipokea mlangoni, kachukua mzigo, kisha kasogeza uso wake kwenye mdomo wangu akavuta pumzi. Ndivyo anavyonipokea siku zote. Hakunusa pombe. Kaenda kunipikia.

Dresa wa zahanati ya kampuni, Ignas, ndiye atakayenichoma sindano. Kijana wa Bukoba, mpole, mikono yake haitetemeki. Kanionyesha kipimo: dawa ya buluu kwenye kichupa, matone ya mkojo, kisha moto wa spiriti. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Kijani, ipo kidogo. Njano, ipo. Yangu leo ilipita kijani, ikapita njano, ikasimama kwenye rangi ya tofali. Ignas kasema tu, tutafika.

Kasema pia: sindano kwanza, chakula papo hapo, usichelewe. Ukiona jasho na mikono inatetemeka, lamba sukari haraka. Kanifungia kijiko kimoja cha sukari kwenye karatasi. Sukari ndiyo sumu, sukari ndiyo dawa. Nimecheka peke yangu njiani.

Kazini wameniweka chumba cha taa. Nagawa taa kwa wanaoshuka. Kwenye winchi yangu kakaa Jilala, anaishusha keji kama anayebwaga gunia la pamba. Na ndani ya keji hiyo yumo Donatus, mdogo wake Justa. Asubuhi kapokea taa yake, kaniuliza: shemeji, lini unarudi winchini? Nikamwambia karibuni.

Jumapili, 21 Juni
Kijani. Mara moja tu, juzi, na jana ikarudi njano. Nimekasirika kutwa. Chai bila sukari ni maji ya kuoshea masufuria. Justa kaficha kopo la sukari, hata sijui wapi, na kile cha kwenye karatasi kakikuta mfukoni akakimwaga. Nikamweleza alichosema Ignas. Hakuniamini. Nikamwambia nenda kamuulize. Kasema, nimeshachoka kuuliza watu habari zako.

Ana haki. Lakini inauma.

Jambo moja la kuchekesha. Kabla sijaenda Shinyanga sisimizi walipanga mstari nyuma ya choo, pale pale ninapojisaidia. Justa kasema nimerogwa, tukaita mganga, akaondoka na jogoo wetu. Leo nimeangalia — hakuna hata mmoja, sukari yao imepungua.

Alhamisi, 2 Julai
BULUU. Tangu Jumatatu, buluu. Ignas kaniita niione mwenyewe. Tumesimama wawili tukitazama mkojo kama watu wanaotazama picha ya mtoto. Nyumbani Justa kanusa, kisha kacheka kidogo. Sikumbuki lini alicheka mara ya mwisho.

Jamaa wa kilabuni wameniita nikipita. Ngassa, umekuwa padri? Nikawapungia mkono. Miguu ilitaka kugeuka. Sikuigeuza.

Jumanne, 14 Julai
Kidonda kimefunga. Ruhusa ya daktari imefika. Saa moja asubuhi nimekaa kwenye kiti changu.

Mkono wa winchi ni wa chuma, baridi asubuhi, na umelika mahali pa kidole gumba changu. Jilala hakuubadilisha umbo, ni wangu bado. Kengele tatu, maana yake ndani kuna watu. Nikaachia breki taratibu, kamba ikapita, nikahesabu alama zake za chokaa, nikawashusha mpaka chini bila keji kugonga. Kutoka chini wakapiga kengele ya kusimama, kisha kwa utani wakapiga nyingine moja, ndogo. Donatus huyo. Machozi yalinitoka. Nyapara Maige alikuwepo, nikasingizia grisi.

Miaka yote hii sijui kazi nyingine. Nyumbani mimi ni mume mlevi, kilabuni mimi ni mnunuzi. Pale tu kwenye kiti kile ndipo watu wananikabidhi roho zao na mimi nawarudishia.

Ijumaa, 17 Julai
Mama mkwe kafika kutoka Shinyanga, na mikungu miwili ya ndizi na maneno mengi. Justa kafurahi. Kamwambia mbele yangu: mayu, yaani mama, mkwe wako haonji tena pombe. Mama mkwe akatazama pembeni kwa heshima. Mimi nami nikatazama pembeni. Ndiyo desturi yetu.

Jumamosi, 18 Julai
Kichwa kinauma. Nimeanguka. Nitaandika kesho.

Jumapili, 19 Julai
Justa na mama yake wameenda misa. Niandike vizuri, maana kichwa sasa ni changu.

Jana asubuhi nilichomwa kama kawaida, nikarudi nyumbani kula uji na kiporo. Mama mkwe kakaa mlangoni mwa jiko anachambua mchicha. Siwezi kula akiniona. Baba yangu hakuwahi kufungua kinywa mbele ya mama mkwe wake, hata maji. Nikamwamkia kwa mbali, mwangaluka mayu, nikapita nyuma ya nyumba, nikangoja aingie ndani. Hakuingia. Alikuwa na habari za kijiji kizima. Justa naye kamsahau mumewe, anacheka jikoni. Kumwita ningeona aibu, kama mtoto anayelilia ugali. Honi ya zamu ikalia. Nikasema, nitakula bohari ya posho, kuna watu wanauza maandazi.

Sukari ya mfukoni sikuwa nayo.

Karibu na bohari ndipo ilipoanza. Jasho, shati lote chapachapa. Midomo ikafa ganzi. Nakumbuka Maige kaja mbele yangu akaniambia jambo, nami nikamtukana. Matusi ya nguoni, wanasema. Nikayumba nikapiga pipa. Watu wakacheka: Ngassa kairudia pombe! Kuanzia hapo sina kumbukumbu, mpaka ladha ya sukari kooni na uso wa Ignas juu yangu. Alikuwa kapiga magoti mavumbini, kikombe mkononi.

Ilikuwa nusu saa kabla ya kukaa kwenye winchi. Nusu saa tu baadaye ningekuwa nimeshika mkono ule, na kengele tatu zimepigwa.

Sijui kama ninaogopa au ninashukuru. Vyote.

Jumatatu, 20 Julai
Maige kaja nyumbani, kwa wema. Kakaa, kakataa chai. Kasema, mzee, mimi nimeandika ulevi. Kesho Bwana Kapteni wa mgodi atakuuliza. Ulevi mara ya kwanza ofisini kwake ni kukatwa mshahara wa wiki na kuonywa, Jumatatu uko kazini. Kubali upesi, usibishane. Kaniambia hivyo kunisaidia.

Nikaenda kwa Ignas. Nikamweleza: nikisema nilikunywa, winchi nitabaki nayo. Nikisema ni sindano, basi, chumba cha taa mpaka uzee, au nyumbani kabisa. Ignas kafuta kichupa ambacho kilikuwa safi. Mwisho kasema: mimi sitasema ambacho wewe hujasema, Mzee Ngassa. Nikamwambia ahsante. Kisha kasema, lakini nisingepanda keji ile.

Nimerudi njiani nikimsema kimoyomoyo. Kijana huyu anajua nini cha winchi? Nitakula mapema. Nitabeba sukari mifuko yote miwili. Mama mkwe ataondoka. Haitatokea tena. Nimejiambia haitatokea tena kwa sauti ile ile niliyokuwa nikijiambia kuhusu pombe. Nikaisikia mwenyewe, nikasimama.

Nyumbani vita. Mama mkwe kamwambia binti yake afunge mizigo, mlevi hana dawa. Justa kamjibu mama yake kwa Kisukuma, kwa ukali ambao sijawahi kuusikia akiutumia kwake: nilimnusa juzi alipoletwa, mayu. Nilimnusa mwenyewe. Hakunywa.

Alinitetea. Nilikuwa chumbani, nasikia. Nilitaka kutoka nimshukuru, nikashindwa.

Jumanne, 21 Julai
Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Kapteni. Nimeambiwa ningoje. Leo Ignas kanichoma, nimekula mbele ya mama mkwe — ndiyo, mbele yake, uji wote, na yeye akageukia ukuta. Mikono imetulia. Nimejitazama mara nyingi.

Donatus kapita akienda zamu, taa mkononi. Shikamoo shemeji, kasema. Malizia haraka humo ndani, jana Jilala katugonganisha, mwenzetu mmoja kavunjika jino. Tukuone Jumatatu. Nikasema marahaba.  Nimemtazama akienda mpaka shimoni. Kengele zimelia tatu, kamba ikaanza kupita juu ya gurudumu.

Wiki hizi zote za kutaabika kwa ajili ya kiti kile. Neno moja tu linadaiwa kinywani mwangu, nilikunywa, na kiti ni changu. Si uongo mkubwa. Kila mtu hapa ameshauamini.

Justa kaja! Sikumwita. Kavaa khanga yake ya kanisani, na mama yake kafuata nyuma, kasimama mbali kwenye uzio. Justa kasema ataingia na mimi. Atamwambia Kapteni kwamba alininusa, kwamba mume wake hakugusa pombe tangu Juni, na Ignas aitwe aseme ni kitu gani basi kilichoniangusha. Nikamwambia, rudi nyumbani Mama Limi, mambo ya kazi haya. Hakurudi. Kakaa kwenye benchi, magoti yake yananigusa.

Maige kachungulia. Kasema dakika moja.

Justa kanitazama sana. Nadhani ameona kitu usoni. Kaniuliza kwa sauti ya chini, Baba Limi, kwani ulikunywa?

Swali lake la miaka yote. Na miaka yote nilimjibu hapana, nikiwa nimekunywa. Sasa sijanywa, na jibu lililonijia mdomoni ni ndiyo.

Bado ananitazama. Mlango umefunguliwa, Maige anaita jina langu, na Justa ameshasimama kuingia nami.