Njia za Mizani Ulizoacha Wazi

Mwalimu,

Sauti iliyobaki masikioni mwangu ni ya kalamu yako ikigonga jino. Tik, tik, kila nilipokuuliza kuhusu programu ya mizani ya kiwanda cha mpunga kule Mwea. Nilidhani unafikiri. Siku hizi nashuku ulikuwa ukitafuta jibu la kuninyamazisha.

Tangu tukuzike, kiwanda kimenunua kompyuta mpya, yenye kumbukumbu kubwa kuliko ile kuukuu. Ajabu, ndipo mizani ilipoanza kugoma. Asubuhi, kompyuta ikiwashwa upya, inapima vizuri. Kabla ya saa sita inakataa kujibu, na foleni ya magunia inafika barabarani. Meneja akamshuku Mama Wanja, karani wa mizani: ati anaizima makusudi ili apime kwa mkono na kuwapendelea jamaa zake. Nami nilimshuku. Niliketi kando yake asubuhi tatu, nikitazama vidole vyake.

"Angalia vizuri, msichana," aliniambia, "nisije nikaimeza." Halafu, bila mzaha: "Hii mashine haijali nani ameketi hapa. Inagoma ikishapima sana. Inachoka."

Sikumwamini. Akaambiwa akae nyumbani. Siku iliyofuata, karani mwingine akiwa mezani, mizani ikagoma vilevile.

Ndipo nikafungua faili uliyokuwa ukinikataza. "Hiyo niachie mimi," ulikuwa ukisema. Kila gunia linapopimwa, programu inafungua njia mpya ya kuongea na mizani, na haiifungi. Wewe ndiwe uliyenifundisha, siku yangu ya kwanza pale ofisini Ruring'u: "Mfagiaji wa kumbukumbu anafagia nyumba yake tu, vitu vilivyoachwa ndani ya programu. Ulichoazima nje, rudisha mwenyewe." Na juu ya mstari unaofungua njia hizo nikakuta maneno yako: "Hapa hatufungi. Mfagiaji atapita."

Alikuwa akipita, kweli. Kompyuta kuukuu ilijaa upesi, akafagia kila mara, na njia zilizotelekezwa zikafungwa kwa bahati. Kwenye mpya ana nafasi tele, hana haraka. Mizani ndiyo haina nafasi. Ina njia chache tu; zikijaa zote, haijibu tena.

Kwa hiyo ulijua. Ulikuwa na haraka? Ulikuwa tayari mgonjwa, ukanificha? Au ulipenda kuitwa, mashine ikuhitaji wewe tu? Kila Alhamisi ulikwenda Mwea "kuisalimia mashine", ukarudi na mchele wa pishori mfukoni, umechangamka kuliko siku zote za juma. Nilikula wali ule, Mwalimu. Nilikusifu. Sasa hata fadhila zako nazigeuzageuza kama mtu anayechambua mchele wenye mawe, na sijui kama ninakuonea.

Nimerekebisha. Kila njia inafungwa papo hapo, hata upimaji ukikatika katikati. Ningeweza kuishia hapo. Ningesema kompyuta mpya ilikuwa na kasoro, jina lako likabaki safi, na doa likabaki kwa Mama Wanja. Niliwaza hivyo siku nzima, nikaona haya.

Pumzika, Mwalimu. Bado nakupenda, ila naahidi kusoma kila faili uliyoniachia kana kwamba imeandikwa na mtu nisiyemjua. Jana nilimpitia Mama Wanja kwake, tukaenda pamoja kwa meneja. Niliwasomea maneno yako, na meneja alipouliza ni nani aliyeyaandika, nikamwambia.

Nyokabi