Manowari ya Msengi

Kinyangiri, Jumanne jioni

...kwa hiyo leo nimemwambia Ester. Nilidhani nitakufa na siri hii.

Mumewe, Msengi, alikuwa rafiki yangu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia tulichochea makaa pamoja katika manowari ya Waingereza. Homa ikamuua tukiwa bado tunazunguka pwani yetu, tukamzika baharini.

Niliporudi nilisema amebaki kazini. Ningesema amekufa, Ester angerithiwa na mdogo wake Msengi, yule anayewapiga wake zake. Nami nilimtaka mwenyewe. Lakini mke wa mtu aliye hai haposwi. Hilo sikuliwaza mpaka nilipokwisha kusema.

Basi kila alipouliza habari za Msengi, nilimpa za manowari: imekwenda kupigana na Waturuki, imerudi kwao Uingereza, sasa inatumiwa kufundishia wanamaji vijana. Hayo yalikuwa kweli. Niliyasoma katika magazeti ya karani wa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Mwisho iliuzwa, ikakatwakatwa iwe chuma chakavu. Hilo nimelificha miaka mingi.

Leo ameniletea uji kitandani, akauliza, "Shemeji, meli yenu iko wapi siku hizi?"

Nikasema yote. Hata lile la kumtaka.

Alisogeza bakuli la uji pembeni. "Ningekukubali, mjinga wewe," akasema.

Kisha akavua kilemba, akashika nywele zake nyeupe. "Kesho nanyoa, naweka matanga. Na wewe usithubutu kufa kwanza. Nani atawaeleza watu Msengi alivyokufa?"

Kifua kinaniuma, lakini nimeahidi.