Ukindu Uliobaki

Unyambwa, Singida

Mdogo wangu Anifa,

Kikohozi kimepoa. Duka la mitumba analisimamia shemeji.

Tangu tumzike mume wetu, eda ilituweka ndani, mimi na mke mwenzangu Zena. Miaka yote tulisalimiana kwa ajili ya watu tu. Kwa kukosa kazi akanifundisha kusuka mkeka, tukawa tunashinda tumeelekeana, kila mmoja na ukili wake. Siku hizi namcheka hata anavyopiga chafya.

Juzi eda ilikwisha, wala sijatoka. Zena akasema, "Dada, tumalize mkeka huu, ndipo nirudi kwetu Sepuka."

Leo anautafuta ukindu wa kusukia uliobaki nyumba nzima. Namsaidia kuutafuta, Anifa, na ni mimi niliyeuficha.

Dada yako,
Mwanahawa