Goti la Tabitha

Jumatano, 11 Juni
Nimegeuza kahawa kwenye vichanja mara mbili. Baridi. Goti la kushoto linauma kama kawaida, la kulia limeona wivu, nalo limeanza.

Alasiri nikaenda uwanja wa sekondari kumtazama mjukuu wangu Tabitha kwenye hiyo besiboli yao. Kocha Hamisi, kijana wa Tunduma, huja na pikipiki na gunia la glovu. Anawapanga, anapiga mpira unakimbia chini kama panya aliyeona paka. Udake, urushe kwenye besi, kile kituo chao. Ukikosa, kaa. Wa mwisho kubaki kashinda. Wanauita bakibaki.

Timu ya kwenda Mbeya imebakiza nafasi moja. Wanaoigombea ni wawili, Tabitha na binti wa mwenye mashine ya kusaga. Bakibaki tatu, atakayeshinda mbili anakwenda.

Nikapita mbele yao natafuta pa kukaa. Tabitha akaniona. Goti chini, "Shikamoo babu." Mpira ukampita.

Akakaa. Nimekasirika hadi mate yamekauka.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemfuata kocha kumtaka arudie. Nikamwambia mtoto hakukosa mpira, alikuwa na adabu, na adabu haitolewi uwanjani. Akanipa shikamoo safi kabisa, akanivutia kiti, halafu akakataa. Hasira ilizidi kwa sababu ya kile kiti. Mtu akikukatalia umesimama, unaweza kuondoka kwa kishindo. Ukiwa umekaa, na magoti haya, kunyanyuka tu ni kazi.

Alisema, "Mzee wangu, mpira hauamkii mtu."

Neno la kijinga sana. Nimeliwaza njia nzima.

Jumamosi, 14 Juni
Bakibaki ya pili. Nimekaa nyumbani kwa makusudi, nikawatukana kuku.

Tabitha kashinda. Kila mmoja ana moja.

Sasa kocha kaita wazazi wote kwenye ile ya mwisho, Jumamosi ijayo. Wazee wote wa Igamba watapita mbele ya mtoto huyu. Atawapigia magoti mmoja mmoja, na Mbeya ataisikia redioni.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeanza mazoezi yangu. Maparachichi mabichi, yale magumu kama mawe. Mimi nayabingirisha uani, yeye anadaka. Likimpita, anateka maji ndoo moja. Akidaka kumi mfululizo, nateka mimi. Nimeteka mara mbili. Mikono anayo.

Kisha nikampa parachichi mama yake arushe, mimi nikapita mbele nikikohoa. Goti chini. Nikapita tena. Goti chini. Nikamwambia asiniangalie. Akafumba macho, akapiga goti hivyohivyo, parachichi likampiga kifundo cha mguu.

Nilifoka. Mama yake akaniuliza taratibu, "Baba, nani alimfundisha?"

Nikaenda kugeuza kahawa iliyokwisha geuzwa.

Jumanne, 17 Juni
Mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha. Alikuwa na miaka minne, akanipita mbele ya wageni bila salamu, nikamfinya sikio hadi akalia. Wageni wakanisifu. Nikafurahi, mpumbavu mimi.

Kocha simchukii tena. Nimebaki na mtu mmoja wa kumchukia, na ndiye ninayemnyoa ndevu.

Alhamisi, 19 Juni
Nimekohoa uani hadi jirani kaniletea tangawizi. Tabitha kapiga goti mara nne kati ya kumi. Jana zilikuwa saba. Maparachichi yote yamepondeka, mama yake hasemi nami.

Jioni nimemwambia, "Mama, Jumamosi ukinipigia goti nitakukana." Namwita mama kwa sababu karithi jina la mama yangu. Hakucheka. Alikuwa anajitazama magoti.

Jumamosi, 21 Juni
Watu wengi. Nimevaa koti la kanisani.

Wakasimama wale wawili. Mipira kumi na moja, hakuna aliyekosa. Hapo ndipo Mzee Simkoko, rafiki yangu, akaingia kwa kuchelewa, akakatiza mbele yao na fimbo yake, pole pole, kama harusi ni yake. Nikaona goti la Tabitha linacheza. Lilicheza kweli. Likatulia. Macho kwenye mpira. Kadaka, karusha.

Uliofuata, binti wa mashine ukamtoka kwenye glovu. Basi. Mbeya.

Simkoko akaja kukaa kando yangu kavimba. Akasema kwa sauti, watu wasikie, "Mtoto huyu hakufunzwa."

Damu ikanipanda. Nilitaka kumvunjia ile fimbo. Nikamwambia, "Kafunzwa. Nimemfunza mwenyewe, mara mbili." Akahama kiti.

Nikapita mbele ya Tabitha kwenda nyumbani. Kazungukwa na wenzake, hakuniona. Hakunisalimu. Iliniuma. Sikutegemea kwamba ingeniuma.

Jumapili, 22 Juni
Sikwenda kanisani. Magoti.

Asubuhi Tabitha kaniletea maji ya moto ya kunawa. Kaweka beseni chini, kapiga magoti yote mawili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Hakunyanyuka. "Shikamoo babu."

Nikamuuliza kama nimekuwa kiziwi. Akasema ile ya kwanza ilikuwa ya jana.

Nikaitikia tena. Maji yalikuwa ya moto vizuri. Kahawa imekauka, kesho tunaianua.