Jina la Siku ya Saba

Mwanangu mpenzi,

Naianza barua hii bila kukutaja. Kwetu Mishomoroni mtoto hupewa jina siku ya saba, siku ya akika, nawe hukuifikia. Jina lako nilikuwa nimeshalichagua. Nililifungia kifuani, hata mama yako sikumwambia.

Ulipokuwa tumboni, jioni nikitoka kazini Changamwe, mama yako huniuliza, "Leo umeandika programu gani?" Nikamweleza: kuna kitu kimeumbwa ndani ya kompyuta ya mbali, ki hai, changoja kazi. Lakini programu nyingine haziwezi kukifikia mpaka kisajiliwe kwenye huduma ya majina. Kikishasajiliwa, popote ulipo, ukilitaja jina lake kitaitika.

Mama yako alicheka mpaka akashika kiuno. "Lo! Kumbe kazi yako ni kuzifanyia kompyuta akika!"

Nami kila kitu kipya nilikijaribu kwa kukiita, nikiwa nimekifunza kujibu neno moja tu: abee. Mwenzangu wa bara akanitania, "Kwani mashine yako imezaliwa Kisauni?"

Basi siku moja nikakuinamia pale tumboni nikaita, "We mwana!" Ukapiga teke. Wallahi, jina huna, nawe washaitika! Kutwa nzima nilitembea nikitabasamu peke yangu.

Ulipozaliwa nilikuadhinia sikioni, ukafumbua jicho moja, kama mtu aliyeamshwa mapema. Ulinishika kidole. Kisha, kabla hatujakuzoea, ukaenda zako.

Juzi mama yako, akianua nguo, aliniuliza, "Ukimwombea, wamwita nani?"

"Mtoto wetu."

"Watoto ni wengi. Wangu yuaitwa nani?"

Nikajitia kuokota vibanio vya nguo. Niliogopa kwamba nikilitamka litatoka, na hakuna wa kulipokea. Naye akaingia ndani na nguo zake.

Leo kazini programu imekataa: jina halikupatikana. Kitu chenyewe kilikuwa kizima kabisa kule kiliko, ni mimi niliyesahau kukisajili. Mazikoni sikulia, mwanangu. Leo nimelia mbele ya kompyuta. Nikaomba ruhusa, nikarudi nyumbani.

Mama yako alikuwa akikuna nazi. Nikamwambia, "Saada. Yuaitwa Saada."

Akaiacha mbuzi, akaenda mlangoni, akaita kwa sauti, vile waitwavyo watoto wanaocheza nje. "Saadaa!" Akangoja. Akaita tena. Kisha, kama wanavyofanya mama wa hapa kwa wachanga wasiojua kusema, akakuitikia yeye mwenyewe, polepole: "Abee."

Pumzika, Saada wangu. Sasa tuna la kukuitia, na inshallah iko siku utatuitikia mwenyewe.

Ni mimi,
Baba Saada