Matairi Aliyoyachagua Kaka Hamad

Kenton, London

Kaka yangu Hamad,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, na lile goti lako limepoa. Sisi huku hatujambo, ila baridi imetupasua midomo hata kucheka kunauma. Anayekuletea barua hii ni jirani yetu Ibtisam, anayekuja Wete harusini. Sikupiga simu kwa sababu kila nikipiga Muhiddin hukaa ubavuni, na haya hayamfai mume kuyasikia.

Utakumbuka nilikuuliza juu ya matairi, maana kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani haijui mvua wala theluji. Ukaniambia ninunue mapana, kisha nipunguze upepo, ndivyo unavyopita mchangani na gari lako la karafuu. Nilikuwa nakaanga samaki, na Muhiddin alikuwa akisikiliza. Akasema neno la shemeji ni sheria, na kesho yake gari lake likavaa matairi mapana kama magodoro.

Mimi nilikwenda kwa Nitin, fundi matairi wa hapa mtaani, mzaliwa wa Mombasa. Nilipomweleza ushauri wako alivua miwani, akaipangusa, akauliza kama kaka yangu amewahi kuona theluji. Nikamwambia ameiona kwenye televisheni. Akaniambia, “Dada, tairi la kiangazi likipata baridi linakuwa gumu kama muhogo wa juzi.” Akasema pana huelea juu ya maji, na kwamba London mvua ni nyingi na theluji ni ya siku chache, kwa hiyo linalofaa ni jembamba la misimu yote, lenye kashata za kina, yale meno yanayotoa maji, na ubavuni lina alama ya mlima na chembe ya theluji. Jioni nikakupigia kwamba nimeshanunua, nawe ukafurahi sana.

Jumatatu tukaamka mji mzima mweupe. Mzee Griffins, ninayemhudumia, anakaa peke yake juu ya kilima cha Harrow, na ana miaka themanini na minane. Akapiga simu kwamba ameanguka na hawezi kuinuka, na gari la wagonjwa ameambiwa litachelewa. Nikachukua ufunguo wa gari. Muhiddin akasema nimfuate nyuma, yeye atanifungulia njia.

Kaka, alifika nusu ya kilima. Gari likasimama, likafikiri, kisha likaanza kurudi kinyumenyume. Nikampisha pembeni. Alinipita polepole tukitazamana, mkono kwenye honi, midomo ikisoma dua, mpaka akaingia kwenye ua wa michongoma wa Mzungu mmoja, Jeff, aliyekuwa dirishani anakunywa chai. Nilipomwona ameshuka mzima anapunga mkono, nikapanda.

Nilimkuta Mzee Griffins sakafuni, baridi kama samaki wa barafu. Nikamfunika mablanketi, nikamshika mkono mpaka wauguzi walipofika wakamwinua. Hakuvunjika. Neno lake la kwanza lilikuwa kunigombeza kwa kuchelewa.

Niliporudi, Muhiddin alikuwa jikoni kwa Jeff anakula biskuti. Alitoka, akainama, akayatazama matairi yangu kwa muda mrefu. Akauliza mbona si kama yake.

Sasa nakiri, kaka. Nilikudanganya. Nilinunua ya Nitin, nikaona haya kukwambia, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea. Na pale uani sikuweza kukuvunjia heshima, nikadanganya tena. Nikamwambia haya ndiyo uliyoyasema, membamba yenye kashata, ila yeye alisikia vibaya kwa kelele za kikaango. Ameamini. Tangu hapo anakusifu kwa kila mtu, na masikio yake anataka kuyapeleka kwa daktari.

Nisamehe, na unisaidie. Nisalimie wifi, watoto, na majirani wote wanaoniulizia. Muhiddin atakupigia Ijumaa baada ya sala kukuomba radhi. Mpokee kwa upole, sema “membamba,” kisha ubadilishe mazungumzo. Muulize hali ya hewa. La, hali ya hewa usiulize.

Mdogo wako akupendaye,
Time